Nyambura Anasema Nini?

Alinirudishia kitabu Jumapili jioni, akitoka kanisani. Alikisoma kwa siku mbili, kitabu ambacho mimi nimekaa nacho mwaka mzima, nikakipigia mistari kwa kalamu ya risasi na kukiandikia kurasa thelathini na mbili za sura ya pili ya tasnifu yangu ya umahiri. Tuliketi pale tunapoketi siku zote, kwenye benchi la saruji karibu na mama anayekaanga mihogo. Nilikuwa nasubiri maoni yake kuhusu mto, kuhusu vile vilima viwili, kuhusu unabii. Akaniuliza swali moja tu:

"Kule mwishoni, wanapowekwa mbele za watu, Nyambura anasema nini?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikakuta sina jibu. Nilikichukua kitabu, nikaenda kurasa za mwisho, nikasoma kwa haraka huku yeye akila mhogo wake na pilipili. Waiyaki anasema. Kabonyi anasema. Umati unapiga kelele. Nyambura analetwa, anaonekana, anatazamwa. Nilisoma tena polepole, nikafunga kitabu.

"Nitakuambia kesho," nikasema.

Msomaji, huenda unakijua kitabu hiki. Ni The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1965. Aliiandika akiwa bado mwanafunzi wa Makerere, akitumia jina la James Ngugi, na mswada wake mwanzoni aliuita "The Black Messiah". Ilichapishwa mwaka mmoja baada ya Weep Not, Child, lakini ndiyo aliyotangulia kuiandika. Nakumbusha hayo kwa sababu mwandishi wa riwaya hii alikuwa kijana wa umri wangu, mwanafunzi kama mimi, na nadhani baadhi ya makosa ya kitabu ni makosa ya umri huo. Nayajua kwa sababu nami ninayo.

Kwa ambaye hajasoma, hadithi yenyewe ni hii. Kuna vilima viwili katika nchi ya Wagikuyu, Kameno na Makuyu, vinatazamana. Katikati unapita mto Honia, mto ambao haukauki. Anayejua Kiswahili hahitaji kutafsiriwa sana jina hilo: honia ni ndugu wa ponya. Mto unaoponya. Kameno wameshika mila. Makuyu wameshika Ukristo, chini ya mhubiri Joshua. Waiyaki ni mtoto wa Kameno, mwana wa mzee Chege, wa ukoo wa mtabiri Mugo wa Kibiro. Baba yake anampeleka shule ya wamisionari Siriana akajifunze maarifa ya wazungu bila kuchukua tabia zao. Nyambura ni binti Joshua. Mdogo wake, Muthoni, anatoroka nyumbani kwenda kukeketwa, kwa kuwa anataka kuwa Mkristo na wakati huohuo kuwa mwanamke kamili machoni pa watu wake. Kidonda hakiponi. Waiyaki anasaidia kumpeleka hospitali ya Siriana, na huko anafariki. Kifo hicho kinavigawa vilima kabisa, na juu ya mgawanyiko huo Waiyaki na Nyambura wanapendana.

Mambo haya yana historia yake. Mwaka 1929 makanisa kadhaa ya kimisionari katika Kenya ya Kati, likiwamo la Kiskoti, yaliwataka waumini waukane ukeketaji kwa kuweka sahihi au alama ya dole gumba. Waliokubali waliitwa kirore, kwa ajili ya alama hiyo. Waliokataa walitengwa, na wengi waliondoa watoto wao katika shule za misheni. Wimbo wa muthirigu, uliowakejeli wamisionari na machifu, ulienea vijijini hadi serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Mwezi huohuo wa Januari, mmisionari mmoja wa Kimarekani, Hulda Stumpf, aliuawa Kijabe. Ndipo zikastawi shule huru za Wagikuyu, zile za KISA na zile za Karing'a. Ngũgĩ, aliyezaliwa 1938 Kamiriithu, Limuru, alisoma utotoni katika mojawapo ya shule za Karing'a, kisha akapelekwa Alliance, shule ya misheni. Vilima viwili alivivuka kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kuviandika.

Wahakiki wengi husoma riwaya hii kama mgongano wa Uafrika na Ukristo. Nami nilianza hivyo, na sura yangu ya pili ilikuwa na jedwali lenye safu mbili: Kameno huku, Makuyu kule. Msimamizi wangu alilitazama, akaniuliza Kabonyi nimemweka safu ipi. Ni swali zuri. Kabonyi ndiye kiongozi mkali wa mila, ndiye mwenye Kiama, ndiye anayewaapisha watu kiapo cha usafi wa kabila. Lakini Kabonyi alikuwa Mkristo. Alikuwa mfuasi wa Joshua, na aliondoka kanisani baada ya kifo cha Muthoni. Ukali wake aliuleta kutoka upande wa pili wa mto, akabadilisha tu jina la anayekosewa.

Waweke wawili hao pamoja uone walivyo ndugu. Joshua anamwomba Mungu msamaha kwa kuwa aliwahi kuoa mwanamke aliyekeketwa, ilhali mke huyo, Miriamu, yuko naye nyumba moja, anampikia na kumzalia. Muthoni anapotoroka, Joshua anahesabu kwamba hana tena mtoto wa jina hilo, anapofariki, halii. Kabonyi naye anahubiri kuwa aliyegusana na watu wa Joshua ametiwa najisi. Mmoja anaogopa dhambi, mwingine anaogopa uchafu. Wote wawili wanaogopa kitu kilekile, kwamba damu ya nyumba yao itachanganyika na ya jirani, na wote wawili wanatafuta usafi huo katika miili ya mabinti. Hapa Ngũgĩ kijana aliona mbali. Hakuupa dini yoyote umiliki wa chuki. Alionyesha kuwa mtu anaweza kubadilisha dini asibadilishe ugumu wa moyo wake.

Na kuna neno lingine ambalo msomaji wa Kiingereza halimgusi kama linavyotugusa sisi. Kiama kwa Kigikuyu ni baraza la wazee. Kwa Kiswahili kiama ni siku ya hukumu. Kila ninapokutana na neno hilo kwenye riwaya nasoma maana zote mbili, na riwaya inaniunga mkono, kwani inaishia Waiyaki na Nyambura wakikabidhiwa kwa Kiama wahukumiwe.

Muthoni anastahili kusimamishiwa mkutano wake peke yake. Katika kitabu kizima ni yeye tu anayetaka vitu vyote viwili kwa mpigo, naye anakitia katika vitendo anachokitaka. Waiyaki anafikiri kuhusu maridhiano. Muthoni anayajaribu mwilini mwake, na mwili unashindwa. Anapokata roho anatuma ujumbe kwa dada yake kwamba anamwona Yesu na kwamba sasa ni mwanamke. Wakati wa kuusoma mara ya kwanza nilitokwa na machozi. Mara ya tatu nilikasirika. Kisu ni kisu. Ukeketaji unaua wasichana hadi leo, Kenya imeupiga marufuku kwa sheria ya 2011 na Tanzania inamlinda msichana chini ya miaka kumi na minane tangu sheria ya 1998. Riwaya inakipa kifo hicho nuru nzuri mno, kana kwamba ndoto ya yule binti ilitimia. Halafu pande zote zinakichukua. Joshua anaona ni malipo ya dhambi. Chege anaona ni adhabu ya walioiacha mila. Siriana wanaona ni sababu ya kuwafukuza watoto wa wasiokana. Wakubwa wote wanamtumia Muthoni kama ushahidi, na anayemlilia kwa dhati ni mama yake, Miriamu, ambaye analia kimyakimya kwa kuwa nyumba si yake.

Sasa nirudi kwa Waiyaki, maana ndiye ninayemjua zaidi.

Waiyaki si mtu mbaya. Anajenga shule ya Marioshoni kwa mikono yake na ya wenzake, watu wanamwita Mwalimu kwa heshima, wazazi wanampenda. Kosa lake ni moja, na Ngũgĩ analionyesha kwa uangalifu mkubwa: anachelewa kusema. Anajua tangu katikati ya kitabu kwamba kinachohitajika ni kuvipatanisha vilima. Unakuja mkutano wa wazazi pale Marioshoni, umati umejaa, anamshinda Kabonyi kwa hoja, watu wanashangilia. Hiyo ndiyo siku aliyoipanga kuwaambia habari ya maridhiano. Shangwe zinamlewesha, mkutano unakwisha, na baadaye anakumbuka kuwa amesahau kulisema lile lililomleta. Anajitoa kwenye Kiama apate muda wa shule, na kwa kujitoa anamwachia Kabonyi kiti. Kila mara ana sababu nzuri. Madarasa yanahitaji paa. Watoto wanahitaji walimu. Rafiki yake Kinuthia anamwonya kwamba watu wanazungumza. Yeye anaamini kwamba watu wakishaelimika, mapenzi yake na Nyambura yatajieleza yenyewe.

Mimi ni Mwislamu, kwetu ni Tanga. Mwenzangu ni Mkatoliki, kwao ni Rombo. Tumekuwa pamoja miaka miwili na miezi minne na nyumbani kwetu hawajui. Nina sababu nzuri. Kwanza nimalize mitihani. Kwanza nitetee pendekezo la utafiti. Kwanza dada yangu mkubwa aolewe, asije akaharibiwa mambo na maneno ya watu.

Mwaka jana bibi yangu mzaa mama alifariki. Wanafunzi wenzangu walichanga, wakakodi Noah, wakaja Tanga kunipa pole. Naye alikuja. Alijifunga mtandio vizuri kuliko baadhi ya binamu zangu, akaingia jikoni uani kwa kina mama, akakaa kwenye mbuzi akakuna nazi. Shangazi yangu alimwona ana mkono mwepesi, akampenda. Nilipopita na ndoo ya maji akaniuliza mbele yake, "Huyu nani, baba? Mbona hujatutambulisha?"

Nikasema, "Mwanafunzi mwenzangu tu, shangazi."

Aliendelea kukuna nazi. Wakati wa kurudi Dar alikaa kiti cha nyuma na wasichana wengine na hakuniambia neno. Wala hakuwahi kunilaumu baadaye. Lakini nimesoma mara nyingi ile sehemu ambapo Waiyaki, mbele ya vilima vyote, anatakiwa amkane Nyambura ili aokoke, na anashindwa kumkana. Wahakiki wanasema kushindwa kule ni udhaifu wa mwanasiasa, kwamba angeweza kusema uongo mdogo akaokoa harakati kubwa. Siwezi kuandika hivyo katika tasnifu yangu. Mimi nilikana bila hata kuulizwa mara ya pili, kwa neno dogo kama "tu", na hakukuwa na Kiama mbele yangu. Alikuwepo shangazi yangu, mwenye kanga kiunoni, anayenipenda.

Hapa kwetu wapo watakaosema mambo haya yamepitwa na wakati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, watu wa dini mbili wanaweza kwenda bomani wakaoana wakarudi nyumbani kila mtu na imani yake. Wakatoliki wana utaratibu wao wa ndoa mseto kwa ruhusa ya askofu. Katika fikihi, wanazuoni walio wengi wanamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke wa Ahlul Kitab, ingawa mwanamke Mwislamu hawamruhusu kuolewa na asiye Mwislamu. Milango ipo. Nimeihesabu usiku mwingi, kama mtu anayehesabu pesa asizokusudia kuzitumia. Ambacho sheria haiwezi ni kuingia jikoni uani na kumjibu shangazi.

Na kwa sababu mlango wangu mimi umefunguliwa zaidi kuliko wa dada zangu, nilijizoesha kuamini kuwa tatizo letu ni dogo. Ndiyo maana swali lake la Jumapili lilinikamata pabaya. Nilirudi chumbani, nikaisoma tena riwaya nzima nikimfuata Nyambura peke yake, kila anapotokea, kila anaposema.

Nilichokikuta ni hiki. Mwanzoni Nyambura yupo mtoni na mdogo wake wakichota maji, na anaposikia kuwa Muthoni anataka kukeketwa anashtuka kama mtoto mtiifu. Baada ya kifo anaenda kando ya Honia kusali na kufikiri. Ndiyo sehemu pekee ya maisha yake ambayo si ya baba yake. Waiyaki anapomwambia kuwa anampenda na anataka kumwoa, anakataa, ingawa naye anampenda, kwa sababu hawezi kumvunja Joshua. Nilipita juu ya kukataa huko mara nyingi nikikuona kama kikwazo katika njia ya Waiyaki. Safari hii niliona ni uamuzi. Yeye ndiye anayejua gharama, kwa kuwa tayari ameizika sehemu ya gharama hiyo. Waiyaki anampa pendekezo. Hamuulizi atalala wapi siku baba yake atakapomfukuza.

Kisha inakuja ile usiku ya nyumbani kwa Joshua. Waiyaki anaenda kuwaonya Wakristo kuwa wako hatarini. Joshua anamwona shetani mlangoni, anamfukuza. Na hapo, mbele ya baba yake na mbele ya vijana waliomfuata Waiyaki wakimpeleleza, Nyambura anasema waziwazi kuwa anampenda, na anatoka naye. Joshua anamkana palepale. Huo ndio ushujaa mkubwa kuliko wote kitabuni. Waiyaki ana umati, ana shule, ana unabii wa ukoo mzima nyuma yake. Nyambura hana kitu ila hiyo sentensi yake, na anaitoa yote.

Baada ya hapo riwaya inamnyamazisha. Waiyaki ana kurasa za kutosha za kufikiri: kuhusu elimu, kuhusu umoja, kuhusu ardhi inayochukuliwa na walowezi wakati vilima vinagombana. Hilo la ardhi ni la maana, wala silidharau. Ngũgĩ anaonyesha vizuri kwamba wakati Joshua na Kabonyi wanapigania usafi, serikali ya kikoloni inasogeza kituo chake na kodi zake. Chuki ya dini inamfaidi mtu wa tatu ambaye hata hayupo kwenye ugomvi. Waiyaki analigundua hili, akiwa amechelewa kama kawaida yake. Lakini Nyambura je, amegundua nini? Ametoka kwa baba yake, dada yake yuko kaburini, mama yake amebaki ndani. Anafikiri nini njiani kwenda kule uwanjani? Anamwogopa nani? Amekasirika? Mwandishi hatuambii. Anamweka mbele ya umati kama alama: huyu ndiye binti wa Joshua, asiyekeketwa, ushahidi wa kosa la Mwalimu. Umati unamtazama kama ushahidi, na kwa masikitiko yangu, riwaya nayo inamtazama hivyohivyo. Ilivyomfanya Muthoni, imemfanya na dada yake.

Nilimpelekea msimamizi wangu hoja hii. Alinisikiliza, akanitahadharisha kama mwalimu anavyopaswa. Usimdai kijana wa 1965 alichokuja kukijua mzee, aliniambia. Tazama alikofika. Na ni kweli, Ngũgĩ alifika mbali. Wanja wa Petals of Blood, riwaya ya 1977, anabeba nusu ya kitabu mabegani mwake. Warĩĩnga wa Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1980, anafanya kazi ya ufundi wa magari na mwishoni ana bastola mkononi, na hakuna mwenye shaka anasema nini. Ngũgĩ mwenyewe aliliacha jina la James na akasema hadharani, mbele ya mkutano wa kanisa mwaka 1970, kuwa yeye si Mkristo. Alipofariki Mei 2025 nilisoma tanzia nyingi, na karibu zote zilimsifu kwa alichosema bila kuogopa. Huyo ndiye mtu aliyeanza kwa kuandika kuhusu kijana anayesahau kusema.

Kwa hiyo nakubali onyo la msimamizi wangu nusu. Sitamdai kijana yule asichokijua. Lakini naweza kusema kuwa kimya cha Nyambura kinadhoofisha jambo lenyewe analolitetea. Riwaya inataka tuamini kwamba mapenzi ya hawa wawili yangeweza kuwa daraja juu ya Honia. Daraja lina ncha mbili. Tunajua ya Kameno imekaa juu ya nini, kwa sababu Waiyaki anatuambia ukurasa baada ya ukurasa. Ya Makuyu hatujui imekaa juu ya nini. Je, Nyambura angebaki na Yesu wake? Tunajua anamtaka Mungu asiye wa kumtenga mtu na ampendaye, hilo riwaya inatudokezea. Je, angekubali kuishi Kameno katikati ya wanawake wanaomhesabu msichana mdogo asiyekua? Waiyaki hamuulizi, na mwandishi hamuulizi Waiyaki kwa nini hamuulizi. Mtu anaweza kumpenda mwenzake wa dini nyingine kwa moyo wake wote na bado akamfanya awe sehemu ya mpango wake mwenyewe wa amani.

Hata hivyo mwisho wa kitabu una jambo ambalo bado linanishika, na ambalo nadhani ndilo litakaloifanya riwaya hii iendelee kusomwa. Kiama hakiwapigi mawe. Umati haumpigi mtu. Giza linaingia, watu wanaondoka upesi, wanakwenda makwao bila kutaka kumtazama Mwalimu wala kutazamana wao kwa wao, na wanashukuru kwamba giza limewaficha. Wanajua walichofanya. Mto unaendelea kupita. Nimesoma habari nyingi za ukatili wa kidini, na karibu siku zote mwandishi anatuonyesha mwenye panga. Ngũgĩ anatuonyesha wenye aibu. Ni watu wema, wazazi wa wanafunzi wa Marioshoni, waliompenda Waiyaki asubuhi ileile. Kabonyi mmoja hawezi kitu bila wao. Chuki ya wachache inakula kwenye sahani ya wengi wanaopenda amani kiasi cha kutotaka kusema neno.

Ninawajua watu hao. Wengi wao ni ndugu zangu. Mmoja ni mimi.

Jumatatu jioni nilimkuta kwenye benchi. Nilimwambia, "Hasemi kitu. Nimesoma chote. Pale mwishoni hasemi kitu."

"Nilijua," akasema. "Nilitaka kuona kama na wewe umeona."

Kisha nilimuuliza swali ambalo kwa miaka miwili na miezi minne sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimechukulia tu, kama familia nzima ingechukulia, kwamba siku ikifika atasilimu, tutamchagulia jina, shangazi atafurahi, mambo yatakwisha. Sikuwahi kulisema kwa sauti, kwa hiyo hakuwahi kupata nafasi ya kulijibu. Nilimuuliza yeye anataka nini kuhusu imani yake, kuhusu watoto kama Mungu akijaalia, kuhusu wapi tutafungia ndoa, na kama bado anaitaka ndoa yenyewe baada ya ile siku ya nazi.

Alinijibu. Alichukua muda mrefu, mama wa mihogo alizima jiko na kufunga meza yake sisi tukiwa bado pale. Alichosema ni chake, na sitakiandika hapa, kwa sababu nimeshawaona wanaume wawili, mmoja wa kitabuni na mmoja mwandishi, wakimsemea msichana. Naweza kusema tu kwamba mengi yake sikuyatarajia, na mojawapo lilinikera.

Sura ya pili nimeifuta zaidi ya nusu. Jedwali limekwenda. Msimamizi amenipa wiki tatu. Kabla ya hapo nina tiketi ya basi la Tanga, Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Nimempigia mama nikamwambia nakuja, nina mazungumzo na yeye na shangazi. Aliuliza kuna nini, nikasema si jambo la simu. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ninakuja peke yangu.

Nikamwambia kwamba safari hii, ndiyo, peke yangu. Na kwamba yule msichana aliyekuna nazi siku ya msiba wa bibi, nilimdanganya shangazi kuhusu yeye.

"Njoo," mama akasema. "Njoo uongee."